Kwenye Ramani Yako Kuna Uongo Wangu

Zuhura mwanangu,

Shikamoo yako ya asubuhi niliipokea, ingawa uliitoa umeinamia simu, na marahaba yangu sidhani kama ilikufikia. Basi salamu tuziache. Sasa hivi uko Mikumi kwa mama yako mdogo, mnaagana kwa pilau na picha za simu, na hutarudi mpaka jua lizame kwa sababu mdogo wangu hajui kumwachia mtu aondoke. Nimepata mchana wote peke yangu. Nimekaa barazani naandika, na kila bodaboda ikipita kule relini nafunika karatasi kwa kanga. Nani atakuja Munisagara kusoma barua ya mama na mwanawe, sijui. Lakini nafunika.

Habari za sweta, za kutunza pasi ya kusafiria, za kutomfuata mtu usiyemjua uwanja wa ndege, baba yako amezisema mpaka kuku wamezikariri. Mimi nina jambo moja tu. Kwenye ile ramani ya gemu yako unayokwenda kuwaonyesha Wajerumani, pale palipoandikwa kwamba ndipo watu wetu walipoficha chakula wakati wa vita, ni uongo. Na aliyekudanganya ni mimi.

Usiichane. Isome mpaka mwisho, halafu ukasirike.

Ulipoanza kazi kwenye ile steshenari ya Kilosa nilijua unachapa barua za watu na kutoa fotokopi. Kumbe wateja wakipungua unapigana vita. Baba yako ndiye aliyeniambia, tena kwa fahari, kama vile umepewa cheo: binti yako anaongoza jeshi la Mjerumani kwenye kompyuta, na jana amempiga kijana mmoja wa Poland. Nikauliza, Mjerumani gani? Akasema wa zamani, wa vita vile vya kwanza. Nikauliza, kwani hakushindwa? Baba yako akacheka, akasema hapo ndipo utamu ulipo, mtu anairudisha historia nyuma kisha anaipeleka njia nyingine. Mimi sikucheka. Niliona mtu anayetaka kurudia vita vilivyokwisha lazima ana jambo lake, na mtu huyo alikuwa mwanangu mwenyewe.

Halafu ikaja ile siku ya maharage. Nilikuwa nachambua maharage kwenye ungo. Ukaja ukakaa, ukachota ukayapanga mkekani, ukasema hawa Wajerumani. Ukachota mchele, hawa Waingereza. Kisha ukamimina mahindi, mengi kweli, ukasema hawa ni wapagazi, watu wetu, wanaobeba risasi na chakula cha hao wote wawili.

"Mbona mahindi ndiyo mengi?" nikakuuliza.

"Ndo hivyo sasa, Mama. Barabara hamna, punda wanakufa kwa mbung'o. Kila kitu kichwani mwa mtu."

"Na walikuwa wanagombea nini huku kwetu?"

"Hawakuwa wanagombea huku. Vita vilikuwa vya Ulaya. Mkubwa wa Wajerumani huku alikuwa anazuga tu, anakimbia ili Mwingereza amfukuze. Kila askari anayemfukuza huku Kilosa ni askari aliyepungua kule kwao."

"Kwa hiyo watu walikufa kwa ajili ya kuzuga."

Ukayaangalia mahindi. "Sasa mimi nataka kutengeneza ya kwangu. Huchezi kama Mjerumani, huchezi kama Mwingereza. Unacheza kama hawa. Vipi kama wangetua mizigo? Siku moja, wote, hapahapa Kilosa. Jeshi halitembei, Mama. Vita vya huku vinaisha mapema, wale askari wanarudishwa Ulaya, na huko nako kila kitu kinabadilika. Watu wasiokuwa hata na bunduki!"

Unakumbuka nilifanya nini? Nilizoa maharage, mchele na mahindi, vyote nikavimwaga kwenye ungo mmoja, nikasema watu wanataka kula. Kesho yake nilishinda natenganisha mchele na mahindi na wewe ukanicheka mpaka ukakaa chini.

Hukujua umegusa nini. Mimi nilidhani unajua. Nilidhani kuna mtu amekuambia, na umekuja kunipima kwa punje zangu mwenyewe. Tangu siku ile nikaanza kukushuku, mwanangu wa kumzaa. Ulipokuwa unaoga nilichukua simu yako, nikashindwa kuifungua, nikairudisha kichwa chini miguu juu. Nilimpigia mama yako mdogo nikamuuliza kwa kuzungukazunguka kama umewahi kumdadisi habari za marehemu Bibi yetu. Akaniambia, "Dada, mbona unanihoji kama polisi?" Ile miezi yote niliyokuwa nakujibu kwa mkato, ukamlalamikia baba yako kwamba Mama hataki niende Ulaya, sababu ni hiyo. Kwenda ungeenda tu. Nilikuwa nakuogopa.

Kisha akaja Jonas.

Sitaki kumsema vibaya mtu aliyekupa kazi ya kutengeneza gemu huko kwao. Lakini mtu anatoka Ujerumani, anafikia hoteli ya Mikumi, halafu badala ya kwenda kuangalia tembo kama wenzake anakuja Munisagara na ramani ya kizamani ya Kilosa! Kijiji kizima kilishapata jibu siku hiyohiyo: amekuja kuchukua mali ya Mjerumani. Babu yake aliifukia akikimbia, na sasa mjukuu ameifuata. Mzee Athumani jirani yetu alianza kuchimba nyuma ya choo chake kabla Jonas hajamaliza soda, na lile shimo lipo hadi leo, mbuzi wa watu wanatumbukia. Wengine wakasema ni ardhi hiyo, anapima, wiki ijayo mtaona vigingi kwenye mashamba. Mimi nilifunga safari hadi Mikumi. Hilo hulijui. Niliaga nakwenda kumwona mdogo wangu, nikaenda kukaa na yule binti wa mapokezi pale hotelini, nikamuuliza Jonas anaamka saa ngapi na anaongea na nani. Akasema kila asubuhi anatoka na darubini.

"Haya, huyo anapima," nikasema.

"Mama, anaangalia ndege."

"Kwao hakuna ndege?"

Binti wa watu akaniletea chai. Nikarudi nyumbani nina hakika zaidi kuliko nilivyokwenda.

Siku aliyokuja hapa kwetu ulimkalisha kwenye kigoda changu. "Shikamoo, Mama," akasema, na aliisema vizuri, ikanitia wasiwasi zaidi. Nikaitikia. Akasema umemweleza kwamba watu wa hapa walificha chakula majeshi yalipopita, na kwamba angependa kujua ni wapi, kwa ajili ya ramani ya gemu. Ulikuwa umekaa pembeni macho yanang'aa. Na yeye alikuwa ameupa mgongo mlima wenyewe kilikofichwa. Angegeuka tu angeuona, uko pale juu ya mgomba wa tatu, na mawe yake meupe.

Nikanyoosha mkono kusini. "Siyo huku," nikasema. "Ni kule Kidodi, ng'ambo ya mto Ruaha. Wazee wetu walitembea siku nyingi na vikapu kichwani." Nikaongeza na mti mkubwa uliopigwa radi, ili maneno yakolee. Akaandika. Na wewe ukaandika.

Wallahi nilifurahi. Nilimwona mjanja amepatikana. Nilimchinjia hata kuku.

Sikujua kwamba utaijenga vita nzima juu ya Kidodi. Ulikuja kunieleza kwamba sasa kila kitu kimekaa sawa: Wajerumani walikimbilia kusini kupitia hukohuko, kwa hiyo kama chakula kilikuwa kimefichwa mbele yao, basi wapagazi wakitua mizigo Kilosa na kuwahi Kidodi, jeshi linafika mtoni halina wa kulibebea wala punje ya kutafuna. Vita vinafia Ruaha. Ulikuwa umesimama unaonyesha kwa mikono, hii Kilosa, huu mto, na furaha uliyokuwa nayo sijaiona tangu ulipofaulu darasa la saba. Na hiyo ndiyo kazi waliyoipenda akina Jonas. Hiyo ndiyo iliyokuletea tiketi. Mimi nilikuwa nakuna nazi nikiitikia ehee, ehee.

Nilikuwa na nafasi ya kusema siku ile. Nikasema nazi imekauka haina tui.

Huu ugonjwa wa kuficha sikuuanza mimi, ila nimeulea. Nyumba yetu mtu akiuliza kitu anajibiwa sijui, sijaona, hakuna, hata kabla hajamaliza kuuliza. Baba yako alipokuja mara ya kwanza kuleta posa aliuliza njia ya kisimani anawe miguu. Mimi mwenyewe, na nilikuwa nimeshampenda, nikamwelekeza kwenye kinamasi. Akatokea mbele ya wajomba zangu na tope mpaka kiunoni, ikabidi apose hivyohivyo. Karani wa sensa akija namwambia tuko wawili, na wewe umekaa hapo unakula uji. Haya nayacheka. Lakini kuna moja silicheki.

Ulikuwa mchanga, nakubeba mgongoni, na ukame ulikuwa umekausha kila kitu. Nilikuwa natoka kisimani. Nikakutana na mama mmoja wa wafugaji wanaokaa kule bondeni, mrefu, bangili mpaka kwenye kiwiko, na yeye ana mtoto mgongoni wa umri wako. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Akasema, "Maji, mama. Wapi?" Nikamwambia kisima kimekauka. Ndoo ninayo kichwani, Zuhura, na maji yananichuruzikia shingoni nikiwa nasema hivyo. Akaangalia ndoo. Akaniangalia mimi. Akasema, "Haya. Asante, mama," akageuka akarudi alikotoka, juani, na mtoto wake kichwa kimelegea begani.

Wakati ule wakulima na wafugaji walikuwa hawaelewani, kila mtu anajua, na nikijitetea nalitumia hilo. Nikasema wakijua maji yalipo wataleta ng'ombe. Labda wangeleta. Lakini yule hakuuliza maji ya ng'ombe. Sikumwona tena, wala sijui mtoto alifika wapi, na kila nikikuona wewe umekua hivyo namfikiria. Nilipomsimulia Bibi yangu nilidhani atanisifu kwa kulinda kisima. Hakunisifu. Siku chache baadaye akaniambia nikufunge mgongoni, nichukue unga wa mtama, tupande mlima. Alikuwa mzee sana, sehemu nyingine alipanda kwa kukalia makalio, na akakataa nimshike mkono.

Sasa nakuambia alichoniambia huko juu. Mambo haya kwetu yanapita kwa wanawake, kama ukoo wenyewe unavyopita kwa mama, na ni mmoja tu kila kizazi anayeambiwa. Mama yako mdogo hajui. Baba yako hajui. Mama yangu mzazi naye alikufa kabla ya kuambiwa, ndiyo maana Bibi alinirukia mimi.

Mama yake Bibi aliitwa Semeni. Vita vile vilipofika Kilosa alikuwa msichana aliyekwishavunja ungo, hajaolewa, na alikuwa na kaka mmoja, Saidi. Askari wa Mjerumani walikuja wakachukua mtama na wanaume wa kubeba. Watu wakajua Mwingereza naye yuko njiani na atataka vilevile, kwa hiyo wanawake wakapandisha kilichobaki mlimani, kwenye pango la yale mawe. Hiyo ndiyo sehemu kila mtu hapa anaijua kijuujuu, kwamba chakula kilifichwa. Hata wewe uliisikia kwa wenzako. Wengi wanadhani kilikuwa chakula tu.

Siku moja alfajiri Semeni alipanda kufuata mtama wa kutwanga akakuta watu. Wanaume wamelala kwenye pango, vidonda vya kamba shingoni, midomo imepasuka. Walikuwa wapagazi. Walikuwa wametua mizigo ya jeshi njiani, wakatoroka, wakapanda hadi pale bila kujua kuna nini. Na hata walipokikuta chakula hawakukigusa, kwa sababu walijua kina wenyewe wenye njaa. Semeni akataka kupiga kelele. Mmoja wao, Mnyamwezi, jina lake Maganga, hata kuinua kichwa hawezi, akamtazama akasema, "Mtani, mbona umechelewa kuleta chakula? Sisi wageni wako tunakungoja tangu jana."

Unajua sisi na Wanyamwezi tulivyo. Watani tangu misafara ilipokuwa inapita hapa kwenda pwani. Mtani akiingia jikoni kwako akafunua chungu, huna la kumwambia. Semeni alitoka na kicheko, Bibi alisema, alicheka huku analia, na mtu akishakuchekesha kwa utani huwezi tena kwenda kumsemea. Akawapikia uji. Akarudi kesho yake na kesho kutwa.

Sasa Zuhura, kwenye gemu yako wapagazi wakitua mizigo, mizigo inabaki chini. Nimeiona, ulinionyesha: vile vibunda vidogo vinakaa njiani, na jeshi linasimama. Huku kwetu mizigo haikubaki chini. Askari walirudi kijijini wakihesabu. Wamepotelewa na wabebaji, na wabebaji lazima wapatikane. Wakawapanga wanaume waliosalia, wakauliza nani amewaona watoro. Saidi alikuwa kwenye mstari. Saidi alijua, maana Semeni alikuwa amemwambia. Semeni naye alikuwa amesimama na wanawake. Yeyote kati yao angefumbua mdomo, Saidi angepona na wale wa pangoni wangekufa. Askari akamsogelea Semeni akamuuliza yeye hasa. Semeni akasema, "Sijui. Sijaona. Hakuna mtu."

Saidi akamwangalia dada yake. Bibi alisema Semeni mpaka anazeeka hakuweza kueleza lile jicho lilikuwa la kumshukuru au la kumlaani. Kisha Saidi akafungwa kamba na wengine, akabebeshwa sanduku, wakaenda upande wa kusini. Hakurudi. Kwetu sisi tunaohesabu ukoo kwa mama, mjomba ndiye nguzo ya nyumba, na wetu alikwenda hivyo.

Vita vilipohama, wenzake Maganga wakatawanyika kwenda kwao. Yeye alibaki. Bibi yangu ni mtoto wake. Kwa hiyo ukiuliza vipi kama wapagazi wangetua mizigo, mwanangu, kuna waliotua, na wewe ni damu ya mmoja wao. Na aliyeibeba baada yao hana mjukuu wa kuuliza swali lolote.

Hiyo ndiyo sababu nilimwaga maharage. Nilidhani umeambiwa na mtu na unakuja kunihukumu. Na ndiyo sababu nilimpeleka Jonas Kidodi. Niliona mtu wa kwao amekuja tena na karatasi, anauliza tena swali lilelile, watu wenu walikuwa wapi, chakula chenu kilikuwa wapi, na mdomo wangu ukajibu kabla mimi sijaamua. Najua Jonas hakuwapo. Najua ni kijana mpole anayependa ndege na aliyekula kuku wangu akasema asante mara nyingi kupita kiasi. Simwamini bado. Safari hii wanakuita kwa tiketi na mkataba, wewe unaona ni tofauti kabisa, na inawezekana ni tofauti kabisa. Nipe muda.

Sikuambii ubadilishe gemu. Ni yako, na ile furaha yako niliiona kwa macho yangu. Kama utawaambia Kidodi, Kidodi itawafaa, hakuna Mjerumani atakayepanda mlima ng'ambo ya Ruaha kutafuta mti uliopigwa radi. Lakini nisingeweza kukuacha uondoke ukiwa umesimama juu ya uongo wa mama yako bila kujua, halafu siku moja mtu akuchimbe kwa maswali mbele ya watu na wewe umtetee mtu ambaye hakukutetea. Na ukiwa huko, ukishinda vita kwa kubonyeza kidole, jiulize nani ameuokota ule mzigo. Mimi sijui jibu la kuweka kwenye kompyuta. Labda halipo.

Limebaki moja, nalo ndilo gumu.

Bibi alinipa sharti. Anayeondoka haonyeshwi pango. Ilikuwa busara ya wakati ule, kwamba mtu akibanwa ugenini asiwe na la kusema. Kwa sharti hilo ningengoja urudi, na usiporudi, ningekufa nalo. Nimelifikiria sana. Nimemfikiria na yule mama aliyeniuliza maji. Nimeona nikikuficha wewe nitakuwa nimemaliza watu wote wa kuwaficha.

Kule juu kuna jiwe moja ambalo Semeni alimwekea Saidi kwa kuwa kaburi hana. Kila baada ya mavuno Semeni alipeleka unga wa mtama na maji, na baada yake Bibi, na baada ya Bibi ilikuwa zamu yangu. Sijapeleka. Tangu Bibi afariki sijapanda hata mara moja. Kila mwaka nasema mtu ataniona, mtu atanifuata, ngoja watu wahame mashambani. Mjomba wetu amekaa miaka yote hiyo bila mtu, kwa sababu mimi naogopa majirani wanaotafuta rupia za Mjerumani nyuma ya choo.

Kesho gari la kukupeleka Dar linatoka Kilosa mchana. Asubuhi tuna nafasi. Ukionyeshwa, hutapaweka kwenye ramani yoyote, wala hutamwambia Jonas hata mkioana, na ninaomba msioane. Ukiona huo ni mzigo usioutaka, na una haki ya kutoutaka, utatoka na begi lako na tutakwenda Kilosa tukipiga soga kama kawaida, sitakuuliza wala sitanuna. Nakuahidi sitanuna, na unajua ahadi hiyo ni ngumu kwangu kiasi gani.

Lakini kama unataka, acha begi ndani, toka na viatu vya shambani. Nitakuwa uani na panga la kufyekea njia, maana itakuwa imeshafungwa na vichaka, na unga nimeshausaga. Njoo, Zuhura. Mimi peke yangu siwezi kumkabili Mjomba.

Mama yako